MGOMBEA WETU: HISTORIA YA SANTURI MOJA NA UBISHI WAKE

Wapenzi wa muziki ni watu wa ubishi. Wakikutana wawili wanaoipenda bendi moja, aghalabu hawapotezi wakati kuzisifu nyimbo ambazo sifa zake zinajulikana. Hukimbilia ile santuri inayotiliwa shaka, mmoja akaitetea na mwingine akaikana. Ndivyo ilivyo huko Uingereza na Marekani, ambako mashabiki wa Beatles hawajaacha kubishana juu ya santuri ya Let It Be ya mwaka 1970. Na ndivyo ilivyo kwetu kwa bendi za rumba. Katika makala haya twakusudia kueleza historia ya santuri moja ya namna hiyo, Candidat na biso Mobutu, iliyotolewa mwaka 1984 na Franco Luambo Makiadi pamoja na bendi yake ya T.P. O.K. Jazz, na kueleza ubishi tuliousikia juu yake katika mji wa Mbarara na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi ya Uganda. Hatukuuchagua ubishi huu kwa ajili ya muziki peke yake. Ndani yake limo swali linalotuhusu sisi walimu wa lugha: je, mtu asiyeyajua maneno ya wimbo aweza kuuhukumu?

Yafaa tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulikuwa tukifundisha Kiswahili darasa la jioni mjini Mbarara. Wanafunzi wengi walikuwa watu wazima: makarani, wauguzi, wafanyabiashara, na vijana waliotoka Nakivale kuja kutafuta kazi au masomo. Mwisho wa muhula tulifanya tafrija ndogo, kila mwanafunzi akaruhusiwa kuja na jamaa yake mmoja. Fundi cherehani mmoja wa mjini, ambaye huhifadhi santuri za zamani katika kabati la vitambaa, alituazima mashine yake pamoja na santuri kumi hivi. Watu walicheza, nasi tukafurahi kuona Wanyankole, Wakongo na Wanyarwanda wakizunguka pamoja katika ukumbi mmoja. Ilipofika zamu ya santuri hiyo ya 1984, mzee mmoja wa Kikongo, aliyekuja na mjukuu wake, alisimama, akachukua kofia yake, akatoka nje. Hakusema neno. Tulidhani ameugua. Mjukuu ndiye aliyetuambia baadaye, kwa adabu, "Mwalimu, wimbo ule si wa tafrija."

Jina la Mobutu tulikuwa tumelisoma juu ya jalada, na katika wimbo tulilisikia likirudiwarudiwa. Halikutusumbua. Sisi tulizaliwa karibu na mwaka ule ule, na kwetu lilikuwa jina la katika vitabu vya historia. Kilingala hatukukijua. Tuliyasikia magitaa, tukatosheka. Kwa hiyo, juma lililofuata tulisafiri kwenda Nakivale kumwomba mzee radhi, na fundi cherehani akaandamana nasi, kwa kuwa santuri ilikuwa yake na alidai kuwa haina kosa.

Kabla hatujaeleza yaliyosemwa huko, hatuna budi kurudi nyuma, kwa maana ubishi usio na historia ni kelele tu.

Franco alizaliwa mwaka 1938 katika Kongo ya Wabelgiji, akakulia katika mji mkuu, Léopoldville, ambao leo waitwa Kinshasa. Alijifunza gitaa angali mtoto, na mwezi wa Juni 1956, akiwa bado hajatimiza miaka kumi na minane, alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha bendi ya O.K. Jazz. Bendi hiyo ilidumu chini yake kwa muda wa miaka thelathini na mitatu, mpaka alipofariki dunia huko Namur, Ubelgiji, tarehe 12 Oktoba 1989. Wapenzi wake walimwita Mchawi wa Gitaa. Lakini sifa yake ya pili, ambayo sisi wa Afrika ya Mashariki tuliikosa kwa kutojua Kilingala, ilikuwa ya maneno. Franco alikuwa bingwa wa mafumbo. Aliimba habari za waume na wake, wapangaji na wenye nyumba, wadeni na wadai, na wasikilizaji wa Kinshasa wakawa wanaulizana kila santuri mpya inapotoka: safari hii anasemwa nani?

Fumbo lilikuwa na hatari zake. Tarehe 2 Juni 1966, mawaziri wanne wa zamani, akiwamo Évariste Kimba aliyepata kuwa waziri mkuu, walinyongwa hadharani mbele ya umati mkubwa wa watu, miezi michache tu baada ya Mobutu kutwaa madaraka mnamo Novemba 1965. Baadaye Franco alitoa wimbo wa Luvumbu Ndoki, wenye asili ya kimapokeo, unaomhusu mchawi anayewaangamiza watu wake mwenyewe. Wenye mamlaka hawakuhitaji kufasiriwa; santuri ikaondolewa sokoni. Hapo ndipo Franco alipoonyeshwa mpaka wa uwanja wake.

Miaka ya sabini ilimkuta upande mwingine wa mpaka huo. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire. Raia wakatakiwa kuacha majina ya ubatizo, na François akawa Luambo Makiadi. Bendi yake iliimba nyimbo za kuieneza siasa ya "uhalisi" ya chama cha M.P.R. Yeye mwenyewe alipata kuwa kiongozi wa umoja wa wanamuziki, na baada ya mali za wageni kutwaliwa na serikali kuanzia mwaka 1973, kiwanda cha kutengeneza santuri kiitwacho MAZADIS kiliwekwa chini yake. Hata hivyo, mwaka 1978 mtu huyo huyo alifungwa gerezani pamoja na wapigaji wake kadhaa kwa nyimbo zilizohukumiwa kuwa za matusi. Mwaka 1981 akatoa wimbo wa Tailleur, yaani fundi wa kushona, ambamo anachekwa fundi aliyenyang'anywa sindano na mwenye sindano yake. Wengi waliufasiri kuwa ni kijembe kwa mwanasheria mkuu wa zamani aliyehusika na kifungo kile, ambaye sasa alikuwa ameachishwa cheo. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Ndipo ukaja mwaka 1984. Mwezi wa Julai wananchi wa Zaire waliitwa kupiga kura ya kumchagua rais. Mgombea alikuwa mmoja. Watu walikwisha kuzoea kura za aina hiyo: mwaka 1970, kijani ikiwa ndiyo rangi ya matumaini na nyekundu rangi ya vurugu, ilitangazwa kwamba waliomkataa Mobutu katika nchi nzima walikuwa 157 tu. Mwaka 1980 wabunge kumi na watatu waliandika barua ya wazi ya kumlaumu, na mwaka 1982 chama cha upinzani cha U.D.P.S. kikaundwa nje ya sheria. Waliothubutu hayo walifungwa au walihamishiwa vijiji vya mbali. Kwa uchaguzi wa 1984 Franco alitoa santuri tunayoizungumza. Ni wimbo mrefu wa kuwaita watu wote, wa kila namna, wamtangaze mgombea kwa sauti kuu. Na humo humo Kamati Kuu ya chama yaonywa iwe macho juu ya wanafiki. Matokeo yalipotangazwa, Mobutu alisemekana kupata zaidi ya asilimia 99.

Yafaa msomaji akumbuke pia kwamba wimbo huo haukusikilizwa katika vilabu peke yake. Tangu mwanzo wa miaka ya sabini kulikuwa na desturi ya kucheza na kuimba kwa ajili ya rais na chama, iliyoitwa animation politique. Maofisini, viwandani na mashuleni watu walipangwa safu, wakavaa vitenge vyenye picha ya rais, wakaimba na kukata viuno. Kwa kuwa kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa, hapakuwa na wa kusema kwamba yeye si wa kundi hilo.

Makazi ya Nakivale yako wilaya ya Isingiro, kilomita zipatazo 60 kutoka Mbarara, kando ya ziwa la jina hilo hilo. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya hamsini na kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na tangu hapo hayakupata kufungwa. Leo wamo zaidi ya watu laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Wakongo wengi wa huko walitoka Kivu na mikoa ya jirani, wakikimbia vita vilivyoanza mwaka 1996 na vile vilivyofuata, na Kiswahili ndiyo lugha yao ya soko, ya kanisa na ya ugomvi. Mwalimu wa Kiswahili aendapo Nakivale hapeleki lugha, huikuta.

Tulimkuta mzee katika kibanda cha chai, amezungukwa na majirani. Alipata kuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Bukavu. Alitupokea vizuri, akakataa kuombwa radhi, akasema kwamba mgeni hatoki harusini ila kwa sababu zake mwenyewe. Fundi cherehani hakungoja chai. Alimwuliza papo hapo santuri ile ina ubaya gani, na ubishi ukaanza, ukaendelea mpaka jua lilipokaribia kuzama.

Hoja ya fundi ilikuwa ya sauti. Alisema kwamba bendi ile mwaka 1984 ilikuwa katika kilele cha nguvu zake, na kwamba mtu aliyetoa Mamou mwaka huo, na Mario mwaka uliofuata, hawezi kuambiwa kuwa alikuwa amechoka. Alitaka tusikilize namna gitaa moja linavyouliza na jingine linavyojibu, na namna besi inavyokaa chini yake kama msingi wa nyumba. Hasa alitaka tusikilize ile sehemu ambapo waimbaji hunyamaza na magitaa yakashika uwanja, sehemu ambayo Wakongo huiita sebene. "Hapo hapana Mobutu," alisema. "Hapo pana vidole." Akaongeza kwamba yeye ameipenda santuri hiyo miaka mingi bila kulijua neno lake hata moja, kama alivyoupenda wimbo wa Tailleur, ambao aliununua kwa sababu unaisifu kazi yake ya ushonaji.

Hapo Wakongo waliangua kicheko. Mzee alimweleza kwa upole habari ya sindano na mwenye sindano. Fundi alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hata hivyo magitaa yake ni mazuri.

Hoja ya pili ilitoka kwa mjukuu, kijana wa miaka ishirini na kitu. Yeye alisema kwamba santuri ni dhaifu, lakini Franco hana lawama, kwa kuwa alilazimishwa. Mtu ameona watu wakinyongwa. Santuri yake imeondolewa sokoni. Yeye mwenyewe ametiwa gerezani. Akiambiwa aimbe, afanye nini? Mwenye nguvu mpishe. Kwa maoni ya kijana, wimbo huo usihesabiwe miongoni mwa kazi za Franco hata kidogo, bali uhesabiwe miongoni mwa kazi za serikali.

Mzee hakukubali. Alisema kwamba mwenye kiwanda cha santuri si sawa na mwenye kuombaomba. Kwamba Franco alipokea mkono wa kulia na wa kushoto. Na kwamba bingwa wa mafumbo angaliweza kutia fumbo hata katika sifa, mwenye masikio akalisikia. Badala yake alisifu wazi, kwa gitaa lake lote. "Udhaifu wa wimbo ule," alisema, "ni kwamba hauna ndani. Nyimbo zake nyingine zina chumba cha nyuma. Ule una baraza tu."

Aliyetushangaza zaidi ni mama mmoja muuza vitenge, aliyekuwa ameketi mlangoni akisikiliza. Mwaka 1984 alikuwa mwanafunzi huko Uvira. Alisema kwamba yeye aliucheza wimbo ule safuni, na kwamba kitenge alichopewa kwa ajili hiyo kilikuwa nguo mpya ya kwanza aliyopata kuvaa maishani. Sura ya rais ilikuwa tumboni, naye hakujali. Alijali kwamba nguo ilinukia upya. "Mnamwuliza Franco kwa nini hakukataa," alisema. "Hapa tulipoketi, ni nani aliyekataa?" Hakujibiwa.

Basi twaweza sasa kuzipima hoja hizi. Hoja ya fundi ni ya kweli kwa kadiri yake. Anayesema kwamba upigaji wa santuri ile ni mbovu hakuisikiliza. Hoja ya kijana nayo ina historia nyuma yake, kama tulivyokwisha kuonyesha. Lakini yamfanya Franco kuwa kikaragosi, na mambo aliyotenda na aliyopokea katika miaka ya sabini hayaruhusu jambo hilo. Mtu aweza kuogopa na kunufaika kwa wakati mmoja.

Hoja ya mzee ndiyo iliyotufikirisha zaidi. Alisema kwamba wimbo ni dhaifu kwa sababu hauna fumbo. Sisi twaona kwamba hapo amekaribia ukweli, ila hajaufikia. Mwaka 1987 Franco alitoa wimbo wa Attention na SIDA, wa kuwaonya watu juu ya maradhi ya UKIMWI. Wimbo huo nao hauna fumbo: unawataja wazazi, wanafunzi, madaktari na wakuu wa nchi, na kila mmoja anaambiwa wajibu wake waziwazi. Nao pia ni mrefu, na una mwito wa kuwaita watu wote. Lakini wapenzi wa Franco huuheshimu, na wengi huutia katika kazi zake kubwa. Kwa hiyo uwazi wa maneno peke yake si udhaifu. Tofauti ya nyimbo hizo mbili twaiona mahali pengine: wa 1987 unasema na msikilizaji ambaye aweza kusikia au kukataa kusikia, na ndiyo maana mwimbaji anamsihi. Wa 1984 unasema na msikilizaji ambaye jibu lake limekwisha kuandikwa. Mahali ambapo msikilizaji hawezi kukataa, mwimbaji hana kazi ya kumshawishi; na mwimbaji asiye na kazi ya kushawishi hutumia nusu tu ya kipaji chake. Ndiyo sababu magitaa ya santuri ile yamejaa na maneno yake ni matupu.

Jambo hili laonekana hata katika jina la wimbo, na hapa twaomba ruhusa ya kuingia darasani. Mswahili asiyejua Kilingala, akisikia na biso, hudhani kwamba ni "na sisi", kwa kuwa biso ni "sisi". Lakini Kilingala hulitumia neno na kwa umilikaji pia, kama Kiswahili kitumiavyo -a: ndako na ngai ni "nyumba yangu". Basi Candidat na biso si "mgombea na sisi" bali ni "mgombea wetu". Tofauti ni kubwa. Katika "mgombea na sisi" pana pande mbili, naye aweza kuwa huku na sisi tukawa kule. Katika "mgombea wetu" upande ni mmoja, na sisi ndio wenyewe. Neno "wetu" ni zuri mahali penye kuchagua. Wanakijiji wakimchagua mmoja kati ya watatu, wana haki ya kumwita wao. Mahali penye mmoja tu, "wetu" si neno la mapenzi, ni muhuri.

Kuna jambo jingine la lugha ambalo wapenzi wa muziki wa Mbarara hawakulijua. Sisi wa nje tunakijua Kilingala kama lugha ya starehe. Lakini Kilingala kilikuwa pia lugha ya jeshi, tangu enzi ya Wabelgiji hadi jeshi la Mobutu, na ndiyo lugha aliyoitumia Mobutu kuhutubia umma. Kwa mtu wa Bukavu, aliye mbali na Kinshasa kwa kilomita zipatazo 1,500, sauti ya Kilingala ilikuwa na milango miwili: mmoja wa redio, ambako alitoka Franco, na mwingine wa kizuizi cha barabarani, ambako alitoka askari asiyelipwa mshahara akidai chochote ulicho nacho. Wimbo wa 1984 uliifungua milango yote miwili kwa wakati mmoja.

Watu wa Mbarara hawana haja ya kuelezwa hayo mara mbili, kwa sababu Kiswahili chenyewe kilipata mkasa huo huo kwao. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi nchini Uganda tangu ukoloni. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na katika mji huu wenye kambi ya askari wa Simba, wazee wengi walijifunza amri za Kiswahili kabla ya salamu zake. Mwezi wa Februari 1979 jeshi la Tanzania liliuteka mji wa Mbarara, ukaharibiwa vibaya. Baada ya hapo, mtoto aliyezungumza Kiswahili nyumbani aweza kuwa alikemewa kwamba asilete lugha ya wezi na wauaji. Sheria zimebadilika tangu wakati huo: marekebisho ya katiba ya 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliagiza kifundishwe mashuleni. Lakini masikio hayabadilishwi na katiba. Mwalimu anayelisahau jambo hilo hushangaa kumwona bibi fulani akinyamaza asikiapo "simama hapo", kama sisi tulivyoshangaa kumwona mzee akitoka ukumbini.

Tusidhani, ndugu wasomaji, kwamba maswali haya ni ya Kongo na Uganda tu. Fasihi ya Kiswahili inayo mizani hiyo hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa upande wa Wamazrui katika ugomvi wao na Sayyid Said, wala hakuficha. Lakini mashairi yake ya siasa yamedumu kwa sababu yaliandikwa katikati ya mabishano, adui akiwa na ulimi wa kujibu. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, alituachia tenzi na mashairi yenye fikra nzito. Alituachia pia ngonjera, zilizochapishwa mwaka 1970 na 1971, nyingi zikiwa za kuyaeneza maarifa ya siasa ya wakati wake. Walimu wangapi wamebishana kama ngonjera ni kazi dhaifu ya mshairi mkubwa? Wako wasemao kwamba ni mahubiri tu. Wako wakumbukao kwamba walizighani wakiwa watoto, wamesimama wima mbele ya wazazi wao, na kwamba hapo ndipo walipoanza kulipenda shairi. Mama yule wa vitenge angaliwaelewa hao wa pili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wahenga walisema. Lakini hawakusema ni nani anywaye tembo hilo la maji, wala kama siku hiyo alikuwa na kiu.

Mobutu aliondolewa madarakani Mei 1997, akafa Septemba mwaka huo huko Rabat. Franco alikuwa amekwisha kumtangulia kwa miaka minane, akaombolezwa na taifa zima. Rumba ya Kongo ilitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mnamo Desemba 2021. Santuri ya 1984 ingali katika kabati la fundi wetu wa Mbarara, nasi tumeulizwa na wanafunzi kama itapigwa tena katika tafrija zetu.

Jibu letu ni hili. Isichomwe, na isifichwe; wala isipigwe kwa watu kama kwamba ni magitaa matupu. Tumekwisha kuitumia darasani mara moja. Tulianza na sebene bila maneno, wanafunzi wakacheza wakiwa wameketi. Kisha tukafasiri jina la wimbo, tukaeleza uchaguzi ule, halafu tukaipiga tena tangu mwanzo. Wanafunzi wenyewe waliueleza ule mgawanyiko waliousikia mioyoni mwao: sikio lataka kuendelea, na akili yataka kuzima mashine. Hapana somo la tafsiri lililotufaulia zaidi ya hilo. Asiyejua maneno ya wimbo aweza kuupenda, na hapana wa kumnyima haki hiyo. Lakini kuuhukumu, hawezi. Na ajuaye maneno peke yake, bila kukiri kwamba magitaa yale ni mazuri, naye hataeleza kamwe kwa nini wimbo ule ulikuwa na nguvu.

Hilo la mwisho tulifundishwa na mzee mwenyewe. Jioni ile, tulipokuwa tukiagana, tulimwuliza kama kilichomtoa ukumbini ni hasira. Akasema hapana. Mwaka 1984 yeye ndiye aliyekuwa akiwapanga watoto safu katika uwanja wa shule kila asubuhi, na wimbo ule aliucheza mbele yao, vizuri kuliko mwalimu yeyote wa shule ile, kwa kuwa mkaguzi alikuwa akitazama. Miaka arobaini ilikuwa karibu kupita. Kisha katika ukumbi wetu wa Mbarara magitaa yakaanza, naye, kabla hajafikiri lolote, akatazama chini na kuona kwamba miguu yake inacheza.